Ile Namba Ndefu Kwenye Rekodi Yako: Isome Vizuri, Ujue Ulilipa Siku Gani

Leo tunaanzia Embulbul, pale kabla hujafika Ngong mjini.

Tuchukue mfano wa mama mboga mwenye kibanda hapo. Usiku wa manane yeye na wenzake hupanda gari hadi Marikiti, Nairobi, wachukue nyanya na vitunguu mapema. Saa saba na kitu usiku, Jumatano tarehe 15 Novemba 2023, anamlipa muuzaji wa jumla Sh6,000 kwa simu.

Siku chache baadaye muuzaji anapiga simu: "Mama, mzigo wa Jumatano bado hujalipa." Mama alishafuta ujumbe wa malipo. Kijana wake ana faili ya malipo kwenye kompyuta, lakini pale penye tarehe pana namba tupu: 1700000000. Anaigeuza kwa kifaa cha mtandaoni, anapata Jumanne tarehe 14, saa 22:13. Muuzaji anasema, "Si unaona? Hiyo ilikuwa ya mzigo wa Jumanne."

Hapo hakuna mwongo. Pesa ilifika. Kilichopotea ni masaa matatu.

Namba hiyo ni nini?

Kompyuta nyingi hazihifadhi tarehe kama sisi tunavyoiandika. Huhesabu sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita kamili usiku, kwa saa ya kimataifa iitwayo UTC. Faida yake ni kwamba seva iliyoko Ulaya na simu iliyoko Embulbul zinataja dakika ileile kwa namba ileile.

Tuifungue pamoja. Siku moja ina sekunde 86,400. Gawanya 1,700,000,000 kwa 86,400: unapata siku nzima 19,675, zinabaki sekunde 80,000. Siku 19,675 kutoka 1 Januari 1970 zinatufikisha 14 Novemba 2023. Sekunde 80,000 ni masaa 22, dakika 13 na sekunde 20. Ndiyo maana kijana aliona saa 22:13.

Lakini hiyo ni saa ya UTC. Kenya iko mbele yake kwa masaa matatu, mwaka mzima, bila kubadilika. Ongeza matatu: saa 01:13 usiku, na siku imeshageuka kuwa Jumatano tarehe 15. Mama alikuwa sawa.

Tukizungumza tungesema "usiku wa kuamkia Jumatano" na sote tungeelewana. Kompyuta haina lugha hiyo. Yenyewe hubadilisha siku saa sita usiku, basi. Kwa hiyo malipo yoyote ya kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku yatarudi siku ya nyuma ukisahau kuongeza masaa matatu. Yakiwa ya tarehe mosi, yatarudi hadi mwezi uliopita.

Igeuze mwenyewe

1. Hesabu tarakimu. Zikiwa 10, hizo ni sekunde. Zikiwa 13, gawanya namba kwa 1,000 kwanza.

2. Zikiwa 14 na zinaanza na 20, hiyo si hesabu ya sekunde. Ni tarehe iliyobanwa pamoja: 20231115011320 ni mwaka 2023, mwezi wa 11, tarehe 15, saa 01, dakika 13, sekunde 20. Isome tu hivyo.

3. Kwenye Excel, kama namba ya sekunde iko kwenye A2, andika: =A2/86400+DATE(1970,1,1)+3/24. Ile 3/24 ndiyo masaa yetu matatu. Kisha chagua muundo wa tarehe na saa kwa seli hiyo.

4. Jipime. Tafuta malipo mamoja ambayo bado una ujumbe wake kwenye simu, ulinganishe. Saa zikilingana, endelea na zingine. Zikizidi kwa masaa matatu, huenda faili ilikuwa tayari kwa saa za Kenya, kwa hiyo toa ile 3/24.

Unapoleta malalamiko

Anza na namba ya muamala, ile yenye herufi na tarakimu, kwa sababu ndiyo inayotofautisha malipo yako na mengine yote. Kisha andika tarehe na saa ya tarakimu: "15/11/2023, saa 01:13 usiku." Ukiandika "saa saba" peke yake, anayekuhudumia anaweza kutafuta saa 07:00 asubuhi, au saa 13:00 mchana, na jibu likachelewa bure.

Jambo la mwisho, na hili tunasisitiza. Kifaa cha kugeuza tarehe kinahitaji namba moja tu. Usikipe faili nzima yenye majina na namba za simu za wateja wako, na PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu.

Na ule ujumbe wa malipo? Usiufute mpaka mzigo uliolipia umalizike na mwenye mali aseme, "Tuko sawa."