Asili ya Mbwa wa Mbio, na Duma Waliotoka Kenya

Msafiri atokaye Murang'a, akapita Karatina na Naro Moru, hufika Nanyuki chini ya Mlima Kenya. Huko aliishi mkulima Mwingereza, Raymond Hook, ambaye mwaka 1936 alishirikiana na Kenneth Gandar-Dower kupeleka duma 12 Uingereza. Duma hao walikusudiwa kushindana na grehaundi, yule mbwa mwembamba wa mbio.

Je, mbwa huyu asili yake ni wapi? Wengi husema Misri, kwa kuwa mbwa wenye umbo kama lake wamechorwa katika makaburi ya kale ya nchi hiyo. Lakini kufanana kwa umbo si udugu. Wataalamu waliopima chembe za urithi za mbwa wa namna nyingi walitangaza mwaka 2004 kwamba grehaundi ana udugu zaidi na mbwa wachungaji wa Ulaya kuliko na mbwa wa Misri na Arabuni. Tena Arrian, mwandishi Myunani wa karne ya 2, alieleza habari za mbwa wa Wakelti waliofukuza sungura kwa kumwona, si kwa kumnusa. Alimsifu mno mbwa wake mwenyewe, Horme, akasema kwamba mwindaji wa kweli hufurahia mashindano kuliko nyama.

Waingereza wakaendelea na kazi hiyo. Kama vile mfugaji wa Nyeri achaguavyo fahali kwa ajili ya maziwa ya mitamba atakayemzalia, ndivyo walivyooanisha mbwa mwepesi na mwepesi, kizazi baada ya kizazi. Chama cha mashindano kiliundwa Swaffham mwaka 1776. Daftari la nasaba likaanzishwa mwaka 1882. Mwaka 1926 mbwa walianza kufukuza sungura wa bandia, avutwaye kwa mtambo, katika uwanja wa Manchester.

Desemba 1937, katika uwanja wa Romford, duma wa Kenya aliwaacha mbwa nyuma kwa urahisi. Si ajabu, maana grehaundi hodari hufikia mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa, naye duma humpita mbali. Hata hivyo, duma hukimbia apate chakula. Alipotambua kwamba yule sungura hakamatiki, mara nyingi alipoteza hamu na kuacha kumfukuza. Mbwa, aliyezalishwa kwa karne nyingi ili apende kufukuza tu, hakuchoka kumwandama. Mashindano ya duma hayakudumu, na uwanja ukarudi kuwa wa mbwa.