Dondoo muhimu: Mgeni wa kilti akibisha hodi

Asianze kuulizwa ukoo wake. Kilti ni vazi la Uskoti, lakini hakuna sheria inayomzuia mgeni kulivaa. Tartani (mchoro wa mirabaraba wa kitambaa cha kilti) ya Black Watch, kwa mfano, huvaliwa hata na wasio na babu Mskoti. Anayetaka tartani yake mwenyewe anaweza kuomba isajiliwe katika Rejista ya Tartani ya Uskoti, iliyoanzishwa mwaka 2009.

Asiharakishwe kununua. Kilti kamili hula takriban yadi 8 za kitambaa cha sufu, na bei yake hushtua. Maduka ya Edinburgh na Glasgow hukodisha vazi zima, hasa kwa harusi. Aanzie hapo, au mwenyeji amwazime.

Kwenye vipimo ndiko wengi hukwama. Kilti hukaa juu zaidi ya suruali, karibu na kitovu, na pindo lake huishia kwenye goti. Anayetaja saizi ya suruali yake ataletewa kilti isiyomkaa vizuri, kwa hiyo wenyeji wampime kwa utepe. Marinda yakae nyuma, upande bapa mbele. Pini ichomwe kwenye kipande cha juu tu. Ikishika na cha chini, kitambaa huvutika na kuweza kuchanika.

Akikosea, avutwe pembeni aelezwe taratibu. Na lile swali la kinachovaliwa ndani, ambalo watalii hawachoki nalo, waachiwe watalii.

Akisafiri kwa ndege, akumbushwe kutoa kile kisu kidogo cha soksini, sgian-dubh, na kukiweka kwenye begi linalopelekwa chumba cha mizigo.