SOMO LA ROBO HII: Kabla ya Lifti ya Magari, Pimeni Sakafu



Parokia zenye karakana ndogo, iwe ya kuhudumia gari la zahanati au ya kufundishia vijana ufundi, hufika mahali zikalichoka shimo. Masika hujaa maji, mvuke wa petroli hutuama ndani yake, na fundi hushinda shingo imepinda. Ndipo huja wazo la lifti ya nguzo mbili. Ni wazo jema. Tatizo ni kwamba barua ya maombi hutaja mashine tu, na sakafu husahaulika.

Tazameni lifti hiyo inavyobeba. Land Cruiser "mkonga" ikiwa tupu ina zaidi ya tani 2. Mikono inapoiinua, nguzo zote mbili huvutwa kuinamia ndani, kuelekea gari. Kinachozizuia ni bolti, hasa zile za upande wa nje, ambazo hutaka kung'oka pamoja na zege. Fundi aliye chini ya gari ameliamini zege hilo kwa uhai wake.

Niliwahi kuitwa kwenye karakana ambayo lifti ilikuwa imeshafika, bado imo ndani ya sanduku. Tulitoboa sakafu kwa kekee. Zege lilikuwa sentimita 6, chini yake kifusi. Juu, niru ilikuwa inang'aa kama ya sebuleni! Ilibidi kuvunja na kumwaga upya, na fungu la kazi hiyo halikuwepo.

Watengenezaji wengi hutaka zege lisilopungua sentimita 10, wengine zaidi. Kitabu cha mashine ndicho chenye neno la mwisho. Kiombeni kabla ya kulipa. Zege jipya limwagiliwe maji walau wiki ya kwanza na lisubiri siku 28 kabla ya kutobolewa. Bolti isiwekwe kwenye ufa wala karibu na ukingo wa zege. Vumbi lipulizwe litoke tunduni, na nati zikazwe kwa spana yenye kipimo, si kwa nguvu za mkono. Pimeni na paa pia: gari la mita 2 likiinuliwa mita 1.8, linahitaji karibu mita 4.

Siku ya kwanza, inueni gari shubiri moja tu, mlitikise, kisha mkague bolti na mikono. Likifika juu, lishushwe kidogo likalie kwenye vizuizi vya chuma vya nguzo zote mbili. Lisiachwe likining'inia kwa nguvu ya mafuta. Fundi akitoa injini au giaboksi, uzito huhama, kwa hiyo stendi iwekwe kwanza. Umeme ukikatika gari likiwa juu, liacheni hapo. Ili vizuizi vifunguke, lazima gari liinuliwe kidogo, na anayevigonga kwa nyundo anacheza na kifo. Nati zikaguliwe tena baada ya siku chache za kazi, kisha kwa ratiba ya kitabu, na tarehe iandikwe kwenye daftari.

Kwa majadiliano ya kamati: Ni nani atakayetoboa sakafu yetu na kuipima, na lini? Je, bajeti tuliyompelekea mfadhili ina saruji, kokoto na gharama ya fundi wa zege?