SKONZI 280 NA KARIAKOO IMEFUNGWA: mtaa unavyokuza biashara (na unavyoweza kuiua)

Somo la leo ni refu kidogo, vuta kiti, weka chai pembeni. Hata kama huuzi mikate, unauza madera au vifuniko vya simu, linakuhusu.

Jumatatu, tarehe 15 Mei 2023. Wengi mnaikumbuka. Wafanyabiashara wa Kariakoo waligoma, maduka yakafungwa. Mimi siku ile nimeamka saa tisa usiku kama kawaida, nimekanda kilo 10 za unga, nimetoa skonzi 280. Saa kumi na mbili na nusu nashuka kwenye bajaji Mtaa wa Kongo na ndoo zangu, nakuta mageti chini. Wale mama wa chai ninaowauzia wananiangalia tu. Mmoja akaniambia, "Mwanangu, leo hata maziwa sijachemsha. Nitamuuzia nani?"

Niliuza skonzi 60. Nikarudi nyumbani Mchikichini na 220.

Sasa ngoja nikuonyeshe kwa nini nilitaka kulia. Hii ndiyo hesabu yangu ya kilo moja ya unga kwa wakati ule:

Unga: 2,000
Sukari: 450
Hamira: 200
Mafuta na siagi: 500
Gesi: 500
Mifuko: 300
Jumla: 3,950

Kilo moja inatoa skonzi 28. Nauza 200 kila moja, napata 5,600. Faida 1,650, na hapo sijajilipa usingizi wangu. Zikibaki skonzi 6 tu, nauza 22, napata 4,400, faida inashuka mpaka 450. Zikibaki 9, nimepata hasara. Yaani kati ya faida na hasara kuna skonzi chache tu. Mimi nilikuwa na 220 mkononi, na 39,500 niliyotumia ndiyo ilikuwa hela ya unga wa kesho. Akiba sina.

Mama mwenye nyumba akanikuta nimekaa kwenye ngazi. "We binti, umekalia ndoo za mikate unataka kulia? Piga picha, weka bei, nitumie." Nikapiga picha hapo hapo kwenye kibaraza, skonzi bado laini, nikaandika bei na kwamba nafikisha mlangoni. Akairusha kwenye grupu lao la mchezo. Mpangaji mwenzangu akaiweka stetasi. Kijana wa bodaboda wa kijiweni akachukua 20 akawauzie wenzake. Mpaka magharibi nilikuwa nimebakiwa na 40, nikawapelekea watoto wa madrasa ya jirani bure.

Piga hesabu: nimeuza 240, nimeingiza 48,000, nikitoa 39,500 nimebaki na 8,500. Siku nzuri ningepata 16,500. Lakini mtaji wangu umerudi. Mgomo haukuisha siku ile, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja tarehe 17. Mimi siku hizo zote nilioka, ila kwa oda za mtaani tu.

Miaka miwili nilikuwa nawapita majirani zangu alfajiri nakwenda kutafuta wateja Kariakoo. Na wao walikuwa wanaamka wanatuma mtoto kwa Mangi kununua mkate wa jana.

SOMO LA 1: Mteja wa karibu hajui unauza nini mpaka umwambie

Usidhani kwa kuwa anakuona kila siku basi anajua. Anakuona unabeba ndoo, hajui bei, hajui saa, hajui kama anaruhusiwa kununua mbili tu. Wewe unayeuza mtandaoni una wafuasi wa Mwanza na Mbeya ambao hawajawahi kununua, halafu wapangaji wenzako hawana namba yako. Anza na nyumba 10 zinazokuzunguka. Picha halisi, bei iandikwe, saa ya kufikisha iandikwe. Hayo mambo ya "njoo inboksi kwa bei" kwa jirani yako ni kumfukuza.

SOMO LA 2: Upendo wa mtaa unaweza kuifunga biashara

Hii ndiyo sehemu watu hawasemi. Baada ya mgomo nikawa maarufu mtaani. "Niandikie, nitakupa jioni." "Niandikie, mume wangu akirudi." Mtu alikusaidia juzi, leo utamnyimaje? Ndani ya mwezi daftari langu la madeni lilifika 64,000. Mauzo yangu ya siku nzima, skonzi zote 280 zikiisha, ni 56,000. Maana yake nilikuwa nimeoka siku nzima na zaidi bure, na unga nimelipia mimi. Wanaodaiwa wakaanza kupita njia nyingine. Nikapoteza hela, nikapoteza na wateja.

Skonzi iliyokopeshwa bila kulipwa, kwenye hesabu ni sawasawa na skonzi iliyobaki. Rudi juu uangalie: 9 tu kwa kila kilo zinakumaliza.

SOMO LA 3: Geuza upendo uwe oda iliyolipwa

Nikaja na kitu nakiita mkate wa wiki. Jumapili jioni mteja analipa 6,000 kwa Lipa Namba. Jumatatu mpaka Jumamosi anapata skonzi 5 kila asubuhi, zimefika mlangoni kabla ya saa moja. Jumamosi naongeza 2 za asante. Hizo mbili zinanigharimu kama 280, ndilo tangazo langu la bei rahisi kuliko yote.

Nilianza na nyumba 4. Zilipofika 20, Jumapili naingiza 120,000 kabla sijawasha oveni. Kwa mara ya kwanza nikanunua unga kwa mfuko mzima badala ya kupimiwa kilo kilo, na bei ya kilo ikashuka. Skonzi 100 kila siku zina mwenyewe. Zilizobaki nawapelekea mama wa chai, na wao nikawaomba wanitumie idadi jioni, siyo kubahatisha asubuhi.

ANGALIZO KUBWA: ile 120,000 siyo yako. Ni deni. Kila siku ukishafikisha mikate, 20,000 ndiyo inakuwa yako. Nunua unga na vitu vya oda, inayobaki iache kwenye laini ya biashara. Ukiilipia kodi ya nyumba Jumapili usiku, Alhamisi utaoka na nini? Wengi mnaouza kwa "lipia kwanza, mzigo unakuja" mnaanguka hapa.

MFANO WA MBALI: jirani wa uwanja wa Anfield

Sisi wa Kariakoo tunajua siku Simba na Yanga wanacheza. Klabu moja ipo Msimbazi, nyingine Jangwani, mtaa unajaa jezi na vuvuzela, na anayeuza chakula anauza. Sasa mashabiki wa Liverpool sikilizeni. Karibu kabisa na uwanja wa Anfield kulikuwa na duka la mikate la familia moja, Mitchell's. Serikali ilipanga kuvunja nyumba za eneo lile na kujenga upya, watu wakahamishwa, mpango ukakwama, mitaa ikabaki na nyumba tupu. Wateja wakaondoka, duka likafungwa.

Waliobaki pale hawakukaa kusubiri. Kuanzia 2010 walikuwa wanakutana ndani ya jengo lile lile, pamoja na msanii wa Kiholanzi, Jeanne van Heeswijk, wakijadili mtaa wao unahitaji nini. Wengine wakajifunza kuoka. Wakaunda ushirika, wakachangishana mtandaoni pesa ya oveni, na mwaka 2013 duka likafunguliwa tena kwa jina la Homebaked. Siku za mechi mashabiki wanapanga foleni kununua pai zao. Siku za kawaida ni mkate na chai ya majirani.

Angalia vizuri walichofanya. Hawakusema "tuchangieni tunateseka". Walisema mtaa hauna mkate, tunataka oveni, hii hapa bei yake. Mchango ulikuwa na kazi inayoonekana. Na mashabiki wa siku ya mechi hawakuwafanya wasahau anayeishi mlango wa pili. Mimi Kariakoo ilikuwa siku yangu ya mechi. Nilisahau mlango wa pili.

SOMO LA 4: Mtaa unakuanzishia, makaratasi yanakupeleka mbele

Mama mwenye nyumba hatakuuliza nembo ya TBS. Supamaketi itakuuliza. Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulitoka TFDA ukaenda TBS, kwa hiyo usizunguke ofisi isiyohusika. SIDO, ambayo ipo tangu 1973, inatoa mafunzo ya usindikaji na vifungashio kwa wajasiriamali wadogo, nenda uulize. Na kama mpo kikundi, kuna mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Hapo tena unaona faida ya majirani: kikundi cha watu mnaojuana tabia ni bora kuliko cha watu mliokutana kwenye foleni.

Juni 2024 maduka ya Kariakoo yaligoma tena. Safari hii usiku wake nilipunguza unga, nikaoka za mkate wa wiki na oda za mtaani tu. Sikupata faida kubwa. Lakini saa moja asubuhi nilikuwa nimeshamaliza kugawa, nimekaa kwenye ngazi ile ile, ndoo tupu.

KAZI YA NYUMBANI

1. Andika gharama ya bidhaa yako moja, kila kitu mpaka mfuko na bando. Tafuta ni ngapi zikibaki unaingia hasara.
2. Jumlisha madeni yote ya mtaani. Linganisha na mauzo yako ya siku moja.
3. Chagua nyumba au watu 5 wa karibu, wape ofa ya kulipia wiki. Watano tu. Usianze na 50 ukashindwa kufikisha.

Nikuulize na wewe: kesho soko lako kubwa likifungwa, ni nani wa mlango wa pili atakayenunua? Andika hapo chini unauza nini na uko mtaa gani. Inawezekana jirani yako yupo humu humu na hamjuani.