Mwenzangu anaumwa, mimi sina dalili

Swali: Daktari, nina miaka 19, naishi Tanga. Mpenzi wangu anatoka usaha na mkojo unamchoma. Mimi sijisikii chochote. Nisubiri?

Jibu: Usisubiri, binti yangu. Huenda ni kisonono au klamidia, na kwa wanawake wengi hukaa kimya huku zikipanda hadi mirija ya uzazi. Nendeni kituo cha afya wote wawili. Akitibiwa peke yake mtarudishiana ugonjwa. Zile nusu dozi za duka la dawa achaneni nazo. Pimeni na kaswende, ambayo kidonda chake hakiumi, hupona chenyewe, ugonjwa ukabaki. VVU pia: tone la damu ya kidoleni, kisha mrudie kipimo baada ya miezi 3.