Tawi Limeingia Pichani: Tulifute au Tuliache?

Chama chetu kimeniomba niandike somo dogo juu ya kusafisha picha za ndege. Nami nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana kosa moja haliachi mke, lakini kosa lililofichwa halimfundishi mtu.

Sisi wa Ndera tumebarikiwa ndege. Ukishuka asubuhi kando ya Mto Tana utamwona mdiria, yangeyange, hondohondo na wengine tele. Msimu wa kuanzia Septemba hadi Machi hivi, huja mgeni mzuri kupita wote: keremkerem mwekundu, aliyetoka kuzaa huko ukanda wa Saheli. Basi siku moja nilimpiga picha akiwa juu ya kichaka cha mathenge. Ndege alitoka vizuri, lakini vijiti, lo! Kimoja kilipita mbele ya bawa, kingine nyuma ya kichwa kama pembe. Nikakaa kwenye tarakilishi, nikafuta kimoja baada ya kingine. Nilipomaliza nikajiona fundi.

Nikampelekea mwalimu wa Biolojia. Akaitazama, akauliza, "Huyu ni mchanga?"

"La, mwalimu, ni mkubwa kabisa."

"Sasa mkia wake umeuuza wapi?"

Darasa zima likacheka. Kumbe keremkerem huyu, akishakomaa, ana manyoya mawili marefu katikati ya mkia, membamba kama njiti. Nami nilikuwa nimeyafuta nikidhani ni vijiti! Picha yangu ilikuwa safi, lakini ilisema uongo. Kutokana na aibu hiyo nimejifunza haya yafuatayo.

1. Anza na miguu. Tawi rahisi kuondoa ni lile ambalo halikuingia pichani. Sogea hatua moja kushoto au kulia, au chuchumaa. Mara nyingi tawi huhama lenyewe. Kama kamera yako inaruhusu, fungua tundu la lenzi zaidi, na vitu vilivyo mbali nyuma ya ndege vitafifia. Lakini usivunje tawi la mti, hasa karibu na kiota. Majani yale ndiyo paa na pazia la makinda. Ukiyaondoa, jua litawachoma na adui atawaona.

2. Uliza: tawi hili lina kazi gani? Keremkerem hula nyuki. Akimkamata, humrudisha kwenye tawi, akampigapiga na kumsugua hapo mpaka mwiba na sumu vitoke. Mdiria naye humbamiza samaki kwenye tawi kabla ya kummeza. Kwa hiyo tawi alilokalia ndege ni jiko lake. Ukilifuta, ndege atabaki ananing'inia hewani kama nguo isiyo na kamba. Liache. Tunaloweza kuliondoa ni tawi la fujo, lile linalokatiza tu na kuvuta jicho.

3. Kata kingo kwanza. Tawi likiwa pembeni, punguza ukingo wa picha, kazi imekwisha.

4. Fifisha kabla ya kufuta. Jicho hukimbilia mahali penye mwanga. Tawi jeupe likitiwa giza kidogo, mtazamaji halioni tena. Wengi husahau njia hii, nayo haina hatari kubwa.

5. Ukilazimika kufuta, enda polepole. Fanya kazi kwenye nakala, ya asili uiweke salama. Kuza picha mpaka uone kila unyoya. Katika programu kama Photoshop, GIMP au Snapseed kuna kifaa cha kuziba doa kwa kunakili rangi ya jirani. Chagua brashi iliyo pana kidogo kuliko tawi. Anzia ncha ya nje ukija ndani kumwelekea ndege, na nakili rangi kutoka karibu, si mbali, ili mwanga na ukungu vilingane. Badilisha mahali pa kunakili kila mara, la sivyo patatokea alama zinazojirudia kama muhuri uliopigwa mara mbili. Ukifika kwenye manyoya, simama! Tawi linalopita mbele ya mwili limeficha kitu usichokijua. Ni heri ubaki na kijiti kuliko kubuni bawa.

Siku hizi ziko programu zinazojaza zenyewe pale ulipofuta. Ni za haraka, sikatai. Lakini zinakisia tu; siku ile hazikuwapo Ndera.

6. Sema ulichofanya. Picha ya kutundika ukutani, futa upendavyo, ila andika chini yake: "Matawi yameondolewa." Picha ya mashindano, soma masharti. Mashindano ya Wildlife Photographer of the Year, yanayoandaliwa na makumbusho ya Natural History Museum ya London, hayaruhusu kuongeza wala kuondoa kitu, ingawa kukata kingo kunakubaliwa. Na picha ya ushahidi, ya kuonyesha kwamba ndege fulani ameonekana hapa kwetu, usiiguse hata kijiti.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Mwalimu alipoitazama picha yangu ya asili alisema jambo ambalo sikulifikiria. Mathenge si mti wa asili wa kwetu. Uliletwa Kenya, na miaka ya 1980 ukapandwa kwenye miradi ya kilimo cha umwagiliaji kama ule wa Bura, kisha ukasambaa mpaka malishoni. "Picha hii," akasema, "inaonyesha ndege mgeni juu ya mti mgeni. Ukiufuta mti, umefuta nusu ya habari."

Basi wenzangu, kabla ya kufuta tawi, litazameni vizuri. Pengine ni uchafu, pengine ni mkia, pengine ni historia ya kijiji chenu.

Zoezi
1. Taja tofauti kati ya tawi la kazi na tawi la fujo.
2. Kwa nini si vyema kuvunja matawi karibu na kiota?
3. Piga picha ya ndege yeyote karibu na nyumbani kwenu. Eleza kwa aya moja ni tawi gani ungeliacha, na kwa nini.