Upendeleo wa Kusawazisha katika Kuajiri: Maswali na Majibu

Tangu Kenya ilipojipatia Katiba mpya mwezi wa Agosti 2010, barazani na katika kumbi za mikutano haikomi kadhia moja: je, yafaa dola iliyokwisha kuuharimisha ubaguzi kazini ikaamuru kwamba mtu apewe kazi kwa kuangaliwa kabila lake, jinsia yake au ulemavu wake? Nimeyakusanya hapa maswali ambayo wasomaji huyauliza zaidi, nami nayajibu kwa kadiri ya ilimu niliyo nayo ya sheria za kazi, pasi na kuuficha upande nilioegemea.

Swali: Sheria yakataza ubaguzi, kisha sheria iyo hiyo yaruhusu upendeleo. Huo si mkanganyo?

Jibu: Hapana. Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1958 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2002, ulizikataza tofauti zimpunguziazo mtu nafasi sawa ya kazi, na papo hapo ukaziachia nchi ruhusa ya kuweka hatua za pekee kwa ajili ya watu ambao jinsia yao, ulemavu wao au hali yao ya kijamii yawafanya wahitaji kushikwa mkono. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 zimeifuata njia hiyo: zataja kwanza sababu ambazo ni haramu kumnyima mtu kazi kwazo, kama vile rangi, dini, jinsia, ujauzito, ndoa na asili ya mtu, halafu zasema kwamba hatua ya kusawazisha iliyowiana na lengo la usawa haihesabiwi kuwa ubaguzi. Sharti la kuwiana ndilo lizuialo ujanja, maana lisingekuwapo, kila mkubwa wa ofisi angempa kazi mpwawe na kuiita insafu.

Swali: Hiyo thuluthi isemwayo Kenya ni ipi hasa?

Jibu: Ziko mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya jinsia: Ibara ya 27 ya Katiba yataka vyombo vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa visiwe na zaidi ya thuluthi mbili za watu wa jinsia moja. Ya pili ni ya kabila, nayo ilizaliwa na msiba, kwani ni baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007 ndipo ilipotungwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, ambayo kifungu chake cha 7 chasema kwamba taasisi yoyote ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya watumishi wake kutoka jamii moja.

Niseme wazi kwamba naiunga mkono nia ya kifungu hiki, ila hesabu yake nina shaka nayo. Kwa sensa ya mwaka 2019, Wakenya walikuwa milioni 47.6, na jamii iliyo kubwa kupita zote, Wakikuyu, walikuwa milioni 8.1, yaani kama asilimia 17; basi kikomo cha thuluthi chakaribia kuwa mara mbili ya fungu la jamii kubwa kuliko zote. Tena, katika nchi yenye makabila zaidi ya 40, makabila matatu yaweza kuijaza ofisi nzima, kila moja likachukua thuluthi yake kamili, na wakaguzi wasione kosa. Aidha, kifungu chahesabu waliokwisha kukaa vitini, ambao wengi wao hawatoki mpaka wafike umri wa kustaafu, ilhali dhuluma hutendeka mlangoni, siku ya tangazo na siku ya usaili. Kwa hiyo naiona Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kuwa na busara zaidi, maana yenyewe yautazama mlango: yataka angalau asilimia 30 ya nafasi zilizo wazi katika ngazi ya kuanzia kazi zijazwe na watu wasiotoka katika kabila lililotawala kaunti hiyo.

Swali: Na ustahiki je? Aliyefaulu zaidi aachwe kwa ajili ya aliyefaulu kidogo?

Jibu: Ibara ya 232 ya Katiba ya Kenya yaweka ushindani wa haki na ustahiki kuwa msingi wa kuteua watumishi wa umma, lakini yauweka chini ya masharti mawili: uwakilishi wa jamii zote, na nafasi sawa kwa wanaume, wanawake, makabila yote na watu wenye ulemavu. Uingereza wamekaza zaidi. Sheria yao ya Usawa ya mwaka 2010 yamruhusu mwajiri kumtanguliza mtu wa kundi lililo nyuma pale tu ambapo washindani wamelingana kwa sifa, na mwaka 2019 baraza la kazi liliiona polisi ya Cheshire na hatia kwa kuwa iliwahesabu watahiniwa 127 kuwa sawasawa, eti kwa sababu wote wamevuka usaili, kisha ikachagua kwa kuangalia asili zao. Afrika Kusini nao, katika sheria yao ya mwaka 1998, waliruhusu malengo ya hesabu wakakataa mafungu yasiyotikisika, na anayenufaika sharti awe na sifa za kuifanya kazi.

Rai yangu ni kwamba kiwango cha chini cha sifa kisiguswe kabisa, awe ni muuguzi, mhandisi au karani. Lakini juu ya kiwango hicho, tofauti ya alama mbili tatu za usaili isifanywe kuwa hukumu iliyoshuka mbinguni. Wengi waliao ustahiki leo hawakulia hata siku moja pale kazi zilipokuwa zikigawanywa kwa kujuana.

Swali: Kijana wa kabila kubwa, aliyesoma kwa taabu, ana kosa gani hata akose kazi?

Jibu: Hana kosa lolote, na asiyekubali hivyo hana insafu. Yeye alipa gharama ya jambo ambalo hakulitenda. Walakini hakuna amilikiye kazi kabla hajaajiriwa. Haki yake ni kupimwa kwa kanuni iliyotangazwa mapema na itumikayo kwa wote, na kanuni ikifichwa ikatolewa baada ya usaili, hapo amedhulumiwa kweli. Kuna aibu nyingine isiyosemwa sana: upendeleo uangaliao kabila peke yake hauuoni umaskini, hata yamkini mtoto wa waziri kutoka jamii ndogo akaitwaa nafasi iliyokusudiwa binti wa mchungaji wa jamii iyo hiyo. Mwenye kutunga sheria na aliangalie hilo kabla hajajisifu.

Swali: Upendeleo wa namna hii ukianza, waweza kukoma?

Jibu: Tanganyika yatupa jibu, japo si tamu. Wakati wa uhuru vyeo vingi vya juu vilikuwa mikononi mwa Wazungu, na Rashidi Kawawa alipokuwa Waziri Mkuu mwaka 1962 aliharakisha kuviweka vyeo hivyo mikononi mwa Waafrika. Hakuna mwenye akili aliyeweza kulikana hitaji hilo. Lakini Julius Nyerere, ambaye mwezi wa Oktoba 1961 alisimama Bungeni kuwapinga waliotaka uraia uwe kwa rangi, alitangaza mapema Januari 1964 kwamba baina ya raia na raia tofauti ya asili ikome katika kuajiri na kupandisha vyeo. Baadhi ya viongozi wa wafanyakazi walinung'unika, na tarehe 20 ya mwezi huo askari wa kambi ya Colito waliasi, wakidai mishahara zaidi na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Sisemi kwamba tangazo ndilo lililoleta maasi. Nasema kwamba aliyezoea kutangulizwa huona kusawazishwa kuwa ni kupokonywa, na kwa hiyo sheria ya upendeleo iandikwe muda wake siku iyo hiyo inapotungwa.

Swali: Na watu wenye ulemavu?

Jibu: Kwao sioni haja ya kikomo cha muda. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 asipungukiwe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Asilimia 3 ya watu 20, ukiipiga hesabu, haifiki mtu mmoja kamili. Nao waajiri wasiotaka hupenda sana hesabu za namna hiyo.

Swali: Nimenyimwa kazi na nashuku ni kwa sababu ya kabila au jinsia. Nifanyeje?

Jibu: Sheria za nchi zote mbili zamlinda mwombaji wa kazi kama zimlindavyo aliyekwisha kuajiriwa. Weka tangazo la kazi, barua zako na majina ya waliokusaili. Huko Tanzania Bara, ukionyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha humgeukia mwajiri, na Kenya nako mwajiri ndiye atakiwaye kuthibitisha kwamba hakubagua. Ila usikawie: huko Tanzania Bara mgogoro wa namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na atakayechelewa hana budi kuomba kwanza ruhusa na kueleza sababu ya kuchelewa kwake.